Mawese kwenye Breki ya Papa

Siku Papa, baba yangu, alipotundika ufunguo wa jeep kwenye msumari wa kalenda ya parokia na kusema kwamba mguu wake umekwisha, nilikuwa nimekaa mezani namenya viazi, na nilimwonea huruma. Nikamimina chai, nikamsogezea kikombe. Nikamwambia, kwa ile sauti tunayoitumia walimu kufariji mtoto aliyefeli, kwamba kila mtu huchoka, si aibu. Leo nikiikumbuka sauti ile natamani kujizaba kofi. Aliyemtia Papa mtaroni hakuwa uzee. Nilikuwa mimi.

Nianze na jeep yenyewe. Papa aliinunua kabla sijaanza shule, na hata wakati huo ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wawili. Kwetu ni mlimani, upande wa Muheto, ambako asubuhi ukungu hauondoki mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Kwa miaka yote hiyo alishusha jibini, viazi na maharage ya majirani hadi soko la Sake, na jioni akapandisha chumvi, sabuni, mabati na watu. Hajawahi kugonga mbuzi. Hilo alilisema mara nyingi, hasa mbele ya wageni, na Mama alikuwa akiangalia juu ya dari kila anapolisikia. Lakini ilikuwa kweli. Alijua mahali maji hukata njia mvua ikinyesha, alijua kona ambayo pikipiki hutokea bila kupiga honi, na alipokanyaga breki abiria hawakuyumba. Wanawake waliobeba mayai walisubiri jeep yake hata kama nyingine ilikuwa imeshapita. Sijui sifa kubwa zaidi anayoweza kupewa dereva wa huku kwetu Masisi.

Mimi ni kifungua mimba wake, na kwa kuwa wavulana walichelewa kuja, ndimi niliyemshikia spana. Nilijua kubadilisha plakete, vile vipande viwili vinavyobana diski ya gurudumu, kabla sijajua kusuka nywele. Baadaye nikasoma, nikawa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na kiburi changu kikapata cheti.

Mama yangu ni mtu wa Walikale, kutoka msituni. Kila mwaka, njia ikiruhusu, tunakwenda kuwasalimu watu wake. Papa hawezi kufika kwa wakwe zake mikono mitupu, kwa hiyo tunapeleka viazi na jibini. Nao hawawezi kutuacha turudi mikono mitupu, kwa hiyo tunarudi na dumu la mawese. Mwaka huu nilikuwa likizo, nikaenda nao. Tulipokaribia kijiji cha bibi, gurudumu la mbele la kushoto likaanza kulia kila Papa anapokanyaga breki, mlio mwembamba wa kuuma meno, na watoto wote wa kijiji wakatoka kuangalia ni kitu gani kinachinjwa.

Siku ya pili Papa alitaka kuliangalia. Haikuwezekana. Pale nyumbani kwa bibi, mkwe anaheshimiwa sana, na sharti lake ni moja: ajiheshimu. Anakaa kwenye kiti, amevaa shati safi, anazungumza polepole. Mkwe hawezi kulala chali chini ya gari, miguu nje, huku mama mkwe wake anapita na kuni. Papa alikaa kwenye kiti chake akiangalia lile gurudumu kama mtu aliyefungwa kamba.

"Nitafanya miye, Papa," nikasema.

"Fanya, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu siku zote, nusu kwa utani, nusu kwa fahari.

Nikatoa gurudumu, nikafungua etriye. Ndivyo mafundi wetu wanavyokiita kile chuma kizito kinachoikumbatia diski. Ndani yake mna pistoni inayosukuma plakete, na chuma chote hutelezea juu ya pini mbili, kila moja unene wa kidole, ili plakete ya upande huu na ya upande ule zibane sawasawa. Pini zile zilikuwa zimekauka kabisa. Zilihitaji grisi. Grisi hatukuwa nayo.

Mjomba wangu alikuwa amechuchumaa karibu, ananiangalia kwa furaha. Kwa wajomba zangu mawese hayana mpaka. Hupikiwa, hupakwa mtoto mchanga, hupakwa panga, hupakwa bawaba ya mlango na goti la bibi. Akaingia ndani, akarudi na kikombe.

"Paka tu," akasema. "Mafuta ni mafuta."

Nami nikapaka. Nilipaka kwa ukarimu, pini zote mbili, na mabaki nikayasukumia ndani ya mipira inayozifunika. Nikafunga. Papa akazungusha jeep uwanjani, akakanyaga: kimya. Mjomba akapiga makofi, bibi akapiga kigelegele, na mimi nikafuta mikono polepole ili wote waone. Papa aliniuliza swali moja tu, "Ulipaka?" Nikajibu, "Nilipaka, Papa." Hakuuliza nimepaka nini. Aliniamini.

Tulirudi nyumbani salama. Siku mbili baadaye, asubuhi ya soko, Papa akapakia jibini na abiria sita, akashuka. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni. Kwenye kona kubwa ya kwanza ya mteremko akakanyaga breki, na jeep, badala ya kutulia, ikavutwa kulia. Akazidisha mguu, ikazidi kwenda kulia. Ikaingia mtaroni upande wa mlima, Mungu alivyopenda, maana upande wa pili hakuna kitu ila hewa. Hakuna aliyeumia. Lakini mlango wa nyuma ulifunguka, na jibini zetu za Masisi, mnazijua zilivyo duara, zikashuka njiani zenyewe zikatangulia kwenda Sake. Na mama mmoja mwenye kikapu cha mayai akabaki ameshika kikapu kinachochuruzika, akimwangalia Papa. Papa aliniambia baadaye kwamba ni yale macho yaliyomvunja.

Watu wakaisukuma jeep, ikatoka. Papa akashuka polepole mno hadi Sake kwa fundi wake, mtu ambaye amemtengenezea magari miaka mingi. Fundi akapandisha jeep juu ya mawe, akazungusha magurudumu, akakanyaga, akaachia. Akaendesha mwenyewe kuelekea Mubambiro na kurudi, akashuka na kugusa magurudumu kwa mgongo wa mkono, kushoto na kulia, kuona kama yamepata joto sawa. Yalikuwa sawa. Akamwambia Papa kwa heshima zote, "Muzee, gari iko muzuri."

Kama gari ni zima, mgonjwa ni nani? Papa alijijibu mwenyewe njia nzima. Aliporudi akatundika ufunguo.

Sikutegemea kwamba mtu anaweza kuzeeka kwa wiki moja. Aliacha kuamka mapema. Akachonga fimbo ya mkaratusi, na akaanza kuiegemea hata kwenda chooni. Majirani walipokuja kuuliza kama jeep inashuka, alisema, "Muguu yangu haina nguvu tena," na wao, kwa adabu, wakasema pole Papa, na adabu ile ilimmaliza zaidi. Mama alijaribu kumtania kuhusu mbuzi. Hakucheka. Mdogo wangu wa kiume alishusha jeep mara mbili, saa sita mchana, wala haikumfanyia kitu. Hilo nalo likawa ushahidi dhidi ya Papa.

Ilipita zaidi ya mwezi mmoja. Asubuhi moja Mama alinituma nilete mawese ya kukaangia sombe, yale majani ya muhogo. Nikainamisha chupa juu ya sufuria. Hakikutoka kitu. Nikaitikisa. Kulikuwa na baridi, na mawese yalikuwa yameganda ndani ya chupa, mazito, ya rangi ya chungwa, yameshika kioo. Mama akasema bila kugeuka, "Weka karibu na moto, wewe. Hapa si kwa bibi yako." Kule msituni kwenye joto yanamiminika. Huku kwetu asubuhi unayachota kwa kijiko.

Nilibaki nimeinamisha ile chupa mpaka Mama akageuka kuniangalia.

Mimi ndiye ninayefundisha kuganda na kuyeyuka. Nina mchoro wake, naujua kwa moyo, nauchora ubaoni kila mwaka na kuwakaripia watoto wasiouelewa. Na ni mimi niliyechukua mafuta ya msituni nikayaweka kwenye breki ya gari linalolala mlimani. Asubuhi yanaganda, pini hazitelezi, gurudumu la kushoto halibani, jeep inavutwa kulia. Breki zikipata joto, au jua likipanda, yanayeyuka na gari linakuwa malaika. Mganga hajigangi, wanasema, lakini sikujua kwamba anaweza pia kumlemaza baba yake.

Sasa hapa ndipo ningepaswa kutoka jikoni, kuvuka ua na kumwambia. Alikuwa amekaa pale nje, fimbo katikati ya magoti. Hatua ishirini. Sikwenda. Niliona haya, na haya yangu niliipa jina zuri: nikasema nitamtengenezea kwanza, nimpe breki ambazo hajawahi kuwa nazo, ataendesha, atasahau, na hakutakuwa na haja ya maneno. Nilipanga hayo huku nageuza sombe, na nikajiona mwerevu tena. Ilichukua wiki tatu.

Niliteremsha jeep mwenyewe, mchana, hadi kwa fundi wa Sake. Uwanja wake uko kando ya njia, juu ya mawe meusi ya volkano, chini ya turubai. Ni mtu mfupi, wa miaka hamsini hivi, na hana haraka hata kidogo. Nilikuwa nimemjua tangu utoto bila kumtazama, kama tunavyowajua watu wanaotufaa. Safari hii nilimtazama, na sikuchoka.

Nilimwambia nataka breki kubwa zaidi za mbele. Hakuuliza kwa nini. Akasema kule karibu na Mubambiro kuna jeep ya aina ile ile, ya umri mdogo kidogo, imelala bila injini kwa mwenyewe, na etriye zake ni za pistoni nne. Etriye ya namna hiyo imefungwa imara, haitelezi; pistoni mbili zinasukuma kutoka huku na mbili kutoka kule, kwa hiyo haina zile pini. Diski yake pia ni nene, na katikati ina nafasi za kupitisha upepo ili isichemke. Tukaelewana na mwenye gari, na kesho yake fundi akazileta: mbili, zimejaa kutu, zimenyamaza, pistoni hazisogei hata kwa nyundo.

"Zimekufa," nikasema.

"Hapana, Mama mwalimu. Zinalala tu."

Akatandika majani ya mgomba mawili juu ya meza. La kushoto akaliwekea jiwe jeusi, la kulia jiwe jeupe, na kuanzia hapo hakuna nati iliyotoka kushoto ikalala kulia. Akasugua kila chuma kwa burashi mpaka kikatoa rangi yake. Akaweka kipande cha ubao wa mkaratusi katikati ya etriye, akaunganisha bomba la kompresa ya kujazia matairi ya jirani yake, akaniambia nirudi nyuma. Upepo ukaingia polepole. Pistoni ya kwanza ikatoka na kugonga ubao, pa, kisha ya pili. Ya tatu ikakataa. Hakuikasirikia. Akairudishia mafuta, akaiacha, akaenda kunywa chai na maandazi, akarudi, ikatoka. Mimi ningekuwa nimeshaivunja.

Pistoni alizisugua kwa msasa laini na maji, akizizungusha vidoleni, kisha akafunga macho na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila moja kutafuta shimo la kutu. Moja ilimkatalia ukucha. Akaiweka kando na kutafuta nyingine kwenye kopo lake, akalinganisha unene kwa kuzungushia uzi wa kushonea. Mipira mipya ilikuja kutoka Goma. Kabla ya kuivisha aliilowesha kwenye mafuta ya breki yenyewe, safi, ya chupa mpya.

"Kila mupira iko na mafuta yake," akaniambia. "Ni kama mutoto na maziwa ya mama yake. Ukiipatia ya mwingine, inavimba, inakufa."

Nilikubali kwa kichwa.

Ili kujua kama etriye mpya hazitagusana na rimu, alitumia bugali iliyobaki mchana. Alibandika tonge dogo juu ya etriye, akafunga gurudumu, akalizungusha, akalitoa. Tonge lilikuwa limebonyea kidogo bila kukwanguliwa. Akapima unene wake kwa jicho na kusema inatosha. Bati la nyuma ya diski lilikuwa linagusa, akalikata na kulilainisha kwa tupa ili lisimkate mtu atakayekuja baada yake. Nimefundisha watoto neno usahihi miaka mingi, na kumbe makazi yake yalikuwa pale chini ya turubai, na tonge la bugali.

Kisha akaleta etriye za zamani ili azisafishe na kuzitunza, maana hatupi kitu. Ya kulia ikafunguka. Ya kushoto ikakataa. Ilikuwa asubuhi mapema, jeep ilikuwa imelala kwake, na baridi ilikuwa imetelemka hadi Sake siku ile. Akazungusha pini kwa nguvu, ikatoka na uji mzito wa chungwa. Mpira wake ulikuwa umevimba. Akaunusa. Akaniangalia.

"Hii ni mawese."

Nikachukua burashi, nikaanza kusugua nati iliyokwisha kusuguliwa.

"Nani alipaka?"

"Sijui, Fundi," nikasema. "Pengine fundi moja wa kule Walikale."

Nilimzulia kosa mtu ambaye hajazaliwa. Fundi hakuendelea kuniuliza. Alikaa juu ya tairi, akashika ile pini, na nikaona uso wake unabadilika. Nilidhani ananishuku mimi. Alikuwa anajihukumu mwenyewe.

"Siku Papa yako alileta gari, niliangalia breki yenye kuwa bado na moto ya njia," akasema. "Mawese ilikuwa imeyeyuka. Sikufungua pini. Nilimuambia muzee wa batu gari iko muzuri, na ye akaenda kusema ni muguu yake. Kosa iko yangu, Mama mwalimu. Yangu kabisa."

Alisema hivyo papo hapo, mbele ya mtu wa kompresa na mteja mwingine aliyekuwa anasubiri, bila kutafuta jina zuri la kulifunika. Kosa lake lilikuwa dogo mno, na alilikiri kabla halijamaliza kumpoa mkononi. Langu nilikuwa nimelibeba wiki tatu. Nimewastahi watu wengi wenye vyeo na shahada. Sidhani kama nimewahi kumstahi mtu kama nilivyomstahi yeye asubuhi ile, wala kujichukia hivyo.

Akairudisha pini ndani ya mpira wake bila kuisafisha, akaifunga kwa kitambaa. "Mupelekee Papa. Umuambie ninamuomba masamaa, ni miye sikuona."

Jeep ilikamilika mchana. Tulitoa hewa kwenye mabomba, mimi nakanyaga, yeye anafungua na kufunga, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Akaiendesha, akarudi, akagusa magurudumu kwa mgongo wa mkono. Safari hii akasema, "Bado." Akaiacha ipoe kabisa, akaiendesha tena ikiwa baridi. Ndipo akanipa ufunguo.

Nilipanda nayo mlimani na ilikuwa tamu. Ukigusa tu, inatulia, kichwa hakiinami. Jioni Papa akatoka, akaegemeza fimbo ukutani, akachutama na kuchungulia katikati ya gurudumu. Akaingiza kidole. Akahesabu pistoni kwa sauti ya chini. Kwa dakika kadhaa nilimwona yule mtu wangu wa zamani, na nikadhani hila yangu imefaulu.

"Ni kazi ya mukubwa," akasema. "Pistoni ine. Angalia vile alikata hii bati."

"Kesho utashuka nayo, Papa?"

Akainuka kwa kujivuta, akachukua fimbo. "Kiatu mupya, muguu ya zamani," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi nilimkuta jikoni peke yake, koti mabegani, mikono juu ya makaa. Nilikuwa na kile kitambaa. Na ninakiri kitu kibaya zaidi katika habari hii yote: nilipokuwa navuka ua nilikuwa bado sijaamua. Nilikuwa na msamaha wa mtu mwingine mfukoni. Ungenitosha. Ningemwambia fundi ndiye hakuona, Papa angepona, na mimi ningebaki mtoto mwema.

Nikamweleza kwamba fundi anaomba msamaha, nikampa kile alichotuma. Akafungua kitambaa, akajaribu kuvuta ile pini kutoka kwenye mpira. Haikusogea. Akavuta kwa mikono yote miwili, yule ambaye hana nguvu, mishipa ikasimama shingoni. Haikusogea. Akaangalia moto. Akaishikilia juu ya makaa kwa muda, akavuta tena, ikateleza ikatoka kama samaki. Akaisogeza puani.

Nyumbani kwetu hakuna asiyejua harufu ya mawese ya kwa bibi.

"Fundi njo alipaka?" akauliza.

"Hapana."

"Ni nani?"

"Ni miye, Papa. Kule kwa mujomba. Hatukukuwa na grese."

Hakupandisha sauti. Aliigeuza pini, akatazama chungwa lile likianza kuganda tena pembeni. "Na ulijua tangu wakati gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," akasema. "Ulikuwa unaniona natembea na fimbo."

Halikuwa swali. Nililia, mtu mzima, mwalimu, mbele ya makaa, na hakunibembeleza. Alikuwa na haki. Aliweka pini chini taratibu, akaenda ndani. Nilisikia ufunguo unagonga ukuta unapotoka kwenye msumari. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vyake vya kuendeshea, vile vyenye soli nyembamba, na alikuwa na fimbo mkononi, lakini ameishika katikati, haigusi chini.

"Panda."

Tulishuka wawili tu. Ukungu ulikuwa bado umelala njiani, baridi ile ile. Ile kona ilipotokea alikanyaga, na jeep ikasimama katikati ya mteremko, sawasawa, pua imeelekea bonde, haikuvutwa huku wala huku. Mtaro ulikuwa pale kuliani, na maganda machache ya mayai bado yameshikwa na nyasi. Hakuvuta breki ya mkono. Aliishikilia jeep nzima kwa mguu wake, injini inaunguruma.

"Angalia muguu," akasema.

Nikainama, nikaangalia. Kiatu kilikuwa kimekanyaga, kisigino chini, goti limetulia. Hakikutetemeka. Tulikaa hivyo mpaka mama mmoja mwenye kikapu kichwani akatupita, akatusalimu, akageuka mara mbili kuangalia.

Ndipo Papa akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akachukua ile fimbo na kuniwekea mapajani.

"Shika," akasema. "Mwenye kuchechemea njo wewe."

Akaachia breki, na tukashuka Sake kumwambia fundi kwamba msamaha wake ulikuwa umekosea mlango. Nililisema mwenyewe, mbele ya mtu wa kompresa. Fimbo iko darasani kwangu. Naonyeshea ubaoni, na nikifika kwenye mchoro wa kuganda na kuyeyuka watoto huniuliza kwa nini nimenyamaza.